Viini Thelathini na Sita

Saa sita na robo mchana, Maïté Lacourrège aliporudi kutoka kufunga matawi ya mizabibu, alikuta bakuli la viini vya mayai juu ya meza ya jikoni kwake. Lilikuwa bakuli kubwa la bati lililofunikwa kwa kitambaa safi, na ndani viini vimelaliana, vya manjano iliyokolea, hakuna hata kimoja kilichopasuka. Alisimama na koti lake mwilini na matope ya Machi kwenye buti, akaviangalia kama anavingoja vimsalimu kwanza.

Mwaka mwingine wowote asingeshangaa. Kwa miaka thelathini na minne mumewe Firmin, msimamizi wa ghala la mvinyo la Château Malacoste, alikuwa akivunja mayai kila Machi. Ute ulikwenda kwenye mapipa, mayai sita kwa kila pipa, umepigwa na chumvi kidogo, ukazama polepole ukikokota mashapo na ukali hadi chini, juu mvinyo ukabaki unang'aa. Viini vilikwenda kwa mke wa msimamizi. Hiyo ilikuwa haki yake, haikuandikwa popote na haikuvunjwa na yeyote, na Maïté alivigeuza canelé, vile vikeki vyeusi nje, laini ndani, vinavyonukia ramu, akagawia nusu ya kijiji. Wako watu pale waliojua kuwa majira yamebadilika kwa sababu tu Maïté amewabishia hodi na sahani.

Lakini mwaka huu mayai yalikuwa yamepigwa marufuku. Mkurugenzi mpya, Clotilde Vasseur, alikuwa amekuja miaka mitatu nyuma na akili nyingi na viatu visivyofaa kwenye changarawe, na tangu hapo hapakupita msimu bila kioja. Ilikuja mashine yenye kamera inayokagua zabibu moja moja kama askari wa mpakani. Ikaja mitungi ya udongo kutoka Italia. Likaja tangi la zege la tani tatu lenye umbo la yai, na wafanyakazi wakacheka hadi wakashika mbavu: mayai ya kuku yanafukuzwa, linaletwa yai la zege, na hili halina hata kiini cha kumpa Maïté. Mwishowe ukaja unga wa njegere wa kusafishia mvinyo badala ya ute, kwa sababu mnunuzi mmoja wa Copenhagen alikubali kuchukua mavuno yote ya ghala kubwa kwa sharti moja, kwamba lebo iseme humo ndani hamna kitu chochote kilichotoka kwa mnyama.

Firmin aliingia akijifuta miguu, akavuta kiti chake, akaliona bakuli.

"Leo umeamua kuua kuku wote au?"

"Si wewe uliyeleta?"

"Nilete nini?"

"Viini, Firmin. Viini! Mimi natoka shambani sasa hivi."

"Labda ni vya kuku wako."

"Nina kuku watatu, na wawili wamegoma tangu Krismasi. Acha mzaha."

Firmin hakuwa anafanya mzaha. Alifunua kitambaa chote, akainama, akanusa. Maïté akaanza kuhesabu kwa ncha ya kijiko, midomo ikimcheza. Vilikuwa thelathini na sita. Mapipa sita. Wote wawili walifanya hesabu hiyo bila kuisema, na supu ikapoa mbele yao.

"Jana asubuhi ulikuwa wapi?" Maïté aliuliza.

"Ghalani. Mimi niwe wapi?"

"Ulifanya nini?"

"Kazi." Alilirudishia bakuli kitambaa chake. "Nilifanya kazi, Maïté. Sijui. Nilifanya mambo."

Hapo ndipo Maïté alipoanza kuogopa. Oktoba iliyopita Firmin alisahau kufunga bomba la pampu, lita mia mbili za mvinyo mchanga zikaenda kwenye mfereji. Clotilde alisema mbele ya kila mtu, kwa sauti tamu kabisa, "Labda tumnunulie Firmin wetu kalenda." Watu wakacheka, na Firmin akacheka nao, kwa sababu angefanya nini. Mama yake mzazi alikuwa na miaka sitini na mitano alipoanza kuweka viatu kwenye jokofu, na Firmin alikuwa na sitini. Nyumba waliyokaa ilikuwa ya shamba, inakwenda na kazi. Kazi ikiisha kabla ya miaka miwili ya kufikia pensheni, kilichobaki ni chumba kimoja cha binti yao Noémie, anayefundisha shule kule Toulouse, na Noémie mwenyewe ana mume anayelalamika hata paka akiongezeka.

"Tukaangalie," Maïté alisema.

Waliacha supu.

*

Ghala kubwa lilikuwa na mapipa ishirini na manne, safu mbili, moja katikati na moja ukutani. Kwa nje huwezi kujua pipa gani limepata ute na lipi limepata njegere. Firmin alichota kwa mrija wa kioo kutoka pipa la kwanza, akaonja, akatema. Akachota la pili. Akafika la tano akarudi la kwanza.

"Unaona nini?" Maïté aliuliza.

"Naona mvinyo. Wiki moja haijapita, hauwezi kusema kitu. Yote yamevurugika."

"Basi kumbuka. Tuliza kichwa, ukumbuke. Ukija na mayai yako, unaanzia wapi?"

"Huwa naanzia ukutani."

"Pipa lipi?"

"La kumi na nne. Pale mwanga unaingia vizuri, huwa naanzia pale."

"Na chumvi?"

"Huwa natoa kwenye kopo la buluu."

"Haya. Jana uliitoa wapi?"

Firmin alifumba macho. Alisimama hivyo muda mrefu, mkono mmoja juu ya pipa la kumi na nne, na mkewe hakuthubutu hata kukohoa.

"Kwenye kopo la buluu," alisema taratibu. "Nilipiga ute, povu likapanda. Kifuniko cha kopo kilinikwama, nikakipiga na ufunguo."

"Enhe! Halafu?"

"Halafu nikamimina hapa. Nikaenda la kumi na tano."

Maïté alipumua kama mtu aliyetua gunia. Afadhali ubaya unaojulikana, alijiambia. Hakusikia "huwa" ilipotoka mdomoni mwa mumewe na "nili" ilipoingia, na sisi tusimlaumu, maana sote tunapotaka jibu huwa tunasaidia lije.

Mlangoni alitokea Yvon, mfanyakazi wa ghalani wa miaka ishirini, mwanamume mnene mwenye aibu za msichana. Alipowaona akawa mwekundu hadi shingoni.

"Yvon," Maïté aliita, "hujaona mayai huku?"

"Mayai? Mimi?" Aliangalia viatu vyake. "Si Madamu amekataza mayai."

"Ndiyo, lakini hujaona?"

"Nimeacha trekta inaunguruma huko," Yvon alisema, akaondoka upesi kuliko walivyowahi kumwona akienda. Firmin na mkewe wakatazamana. Hata Yvon anajua, kila mmoja aliwaza, anatuonea huruma.

*

Nyumbani walibishana mchana kutwa, na ubishi wenyewe uligeuka kichwa chini miguu juu. Maïté aliyemkokota mumewe ghalani akumbuke, sasa ndiye aliyetaka asahau.

"Nyamaza tu. Kwani nani atajua? Mvinyo wenu umesafishwa kwa mayai tangu enzi za mababu, hakuna aliyekufa."

"Lebo itasema uongo."

"Lebo zote zinasema uongo! Ile ya zamani ilikuwa na mnara. Mnara uko wapi? Nionyeshe mnara!"

"Kuna watu wana mzio wa mayai, Maïté. Koo linamfunga mtu. Ananunua chupa kwa sababu imeandikwa salama, na kumbe Firmin wa Malacoste ameweka mayai yake mle."

"Na sisi tukalale wapi? Toulouse, chini ya meza ya Noémie?"

Firmin alikwenda kufungua kabati la nguo. Alikuwa mtu wa maneno machache tangu ujana, na mtu wa namna hiyo akishaamua, kumgeuza ni sawa na kusukuma ukuta. Maïté alitoka nje akawarushia kuku mahindi kwa hasira, kama wao ndio walioanzisha. Aliporudi alimkuta mumewe amesimama mbele ya kioo, anajaribu tai ya mazishi.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Firmin alisema. "Bora niseme mwenyewe kabla hawajanitafutia kalenda nyingine."

Kwa neno hilo la kalenda Maïté alilia, kwa sababu alikuwa anadhani mumewe amelisahau.

*

Kesho yake, Ijumaa, saa tatu asubuhi walikuwa ofisini kwa mkurugenzi, wameketi ukingoni mwa viti vyeupe wakiogopa kuvichafua. Clotilde Vasseur alikuwa akimalizia simu. Alipoona tai, uso ulimbadilika.

"Madamu," Firmin alianza, "nimekuja kwa habari ya mayai."

Clotilde aliweka simu chini. Masikio yake yaliiva. "Nani amekuambia?"

"Nani aniambie? Najua mwenyewe."

"Nilikuwa nataka kukueleza, Firmin. Kwa kweli. Nilikuwa nangoja wakati mzuri."

Firmin alidhani anafukuzwa. Aliinyoosha tai. "Kwa hiyo Madamu ulishajua?"

"Nisijue vipi, na mimi ndiye niliyesema yafanyike?"

"Ulisema yasifanyike!"

"Hapo mwanzo, ndiyo."

"Hapo mwanzo lini?"

Maïté alimtazama huyu, akamtazama yule, asijue acheke au asimame. Ilikuwa kama kusikiliza watu wawili wanaogombania mkoba, kila mmoja na wa kwake mkononi.

"Ngojeni," alisema. "Samahani, Madamu. Mayai yapi?"

Clotilde alivuta pumzi. "Mapipa sita, kwenye banda la zamani. Hayako kwenye mkataba, ni majaribio tu. Ule unga wa njegere maabara wanausifu, lakini mimi nilipoonja niliona mvinyo umekonda, umekauka. Nikataka kulinganisha na mayai. Baada ya kelele zote nilizompigia Firmin, kwamba mayai ni ya karne iliyopita, ningeanzaje kumwambia? Niliona aibu. Nikamtuma Yvon afanye kimya kimya."

Maïté aliyaonja maneno hayo, yakawa matamu. Alitaka kumkumbatia mwanamke huyu na viatu vyake vyote. Lakini Firmin alikuwa anatikisa kichwa.

"Mimi sikuwa banda la zamani," alisema. "Nilikuwa ghala kubwa. Safu ya ukutani, pipa la kumi na nne mpaka la kumi na tisa. Jumatano asubuhi."

Rangi ikamtoka mkurugenzi. Yale ndiyo mapipa ya Copenhagen. "Uliweka mayai kwenye mapipa ya mkataba?"

"Kwa mkono huu."

Yvon aliitwa. Alikuja na kofia mkononi, jasho likimtiririka.

"Ulinunua mayai mangapi?" Clotilde aliuliza.

"Dazeni tatu, Madamu. Sokoni, Jumamosi."

"Ukatumia mangapi?"

"Yote. Mapipa sita, mayai sita sita. Jumatano asubuhi. Jana nikapeleka viini, nilivihifadhi kwenye baridi, vilikuwa vizima."

"Ukapeleka wapi?"

Yvon alishangaa swali lenyewe. "Kwa Maïté. Kwani ningepeleka wapi?"

"Nilikuambia kimya kimya!"

"Nilinyamaza, Madamu. Hata jana Maïté ameniuliza usoni, nikanyamaza. Lakini kutupa viini, hapana. Hapo ulikuwa hujaniambia."

"Vilikuwa thelathini na sita," Maïté alidakia, amekwisha kusimama. "Nilivihesabu! Dazeni tatu, viini thelathini na sita, mapipa sita ya banda. Hakuna yai la ziada! Firmin, hukuweka kitu. Unasikia? Hukuweka kitu!"

Clotilde alianza kucheka, kicheko cha mtu aliyeona gari likimkosa. Yvon akacheka kwa kuwa wengine wanacheka. Maïté alicheka huku machozi yakimtoka, akampiga mumewe begani, akamwita mzee mwendawazimu, neno ambalo lilimtoka kabla hajalifikiria. Firmin peke yake hakucheka.

"Na chumvi?" alimwuliza Yvon.

"Chumvi gani, mzee?"

"Niliitoa kwenye kopo la buluu. Kifuniko kilikwama, nikakipiga na ufunguo."

Yvon alimtazama Maïté, kisha mkurugenzi, akitafuta wa kumwokoa. "Kopo la buluu si lilitoboka," alisema kwa upole. "Tulilitupa mwaka juzi. Wewe mwenyewe ndiye uliyelitupa."

*

Clotilde hakutaka kubahatisha na mnunuzi. Alipeleka maabara sampuli za mapipa yote sita aliyoyataja Firmin, na Jumanne majibu yakarudi: hakuna dalili ya yai popote. Alikuja mwenyewe hadi mlangoni na karatasi mkononi, na safari hii alivaa buti. Aliomba radhi kwa kumficha Firmin jambo lile, akaomba radhi pia kwa ile kalenda, jambo lililomgharimu. Akasema mwezi wa tano, mvinyo ukishatulia, anataka Firmin ndiye aonje banda la zamani na ghala kubwa, aseme njegere au mayai, na atakalosema ndilo litakalofuatwa.

"Hilo nitaweza," Firmin alisema. Ulimi wake haukuwa na tatizo, na hilo kila mtu alilijua.

Kazi ikabaki, nyumba ikabaki. Kijijini habari ikasimuliwa kama kichekesho, mwenye kusimulia akiigiza Yvon na kofia yake, na Maïté alipita na sahani za canelé akicheka na kila mwenye mlango. Ukimwona ungesema hakuna mwanamke mwenye furaha kuliko yeye katika eneo zima la Médoc.

Mchana ule wa Jumanne walikula maharage meupe na bata. Firmin alikuwa ameiweka karatasi ya maabara karibu na mkate, kila mara anaigusa.

"Kwa hiyo sikuvunja."

"Hukuvunja."

"Hata moja."

"Hata moja, Firmin. Kula."

Alikula kidogo. "Ila naliona lile povu. Hata sasa hivi. Naliona kuliko ninavyokuona wewe."

"Ni mazoea. Miaka thelathini na minne, mtu hawezi kuona kitu kingine. Na mimi nilikubana mno kwa maswali, kosa langu."

Firmin alifikiri. "Siku ya harusi yetu mvua ilinyesha?"

"Ilinyesha. Mama yako alilowa kofia."

"Mlango wa ghala, kabla ya huu, ulikuwa wa kijani?"

"Wa kijani."

Alitikisa kichwa kila jibu lilipokuja, kama mtu anayepokea mizigo na kuipanga ukutani. Maïté aliona anakokwenda, akatamani amzuie, asijue kwa neno gani.

"Na siku anazaliwa Noémie. Nilikuwepo?"

Hakuwepo. Ilikuwa wiki ya mavuno, mvinyo unachemka kwenye matangi, na Firmin alifika hospitali siku ya tatu, mikono yake imepakaa zambarau hadi kwenye viwiko. Kwa miaka thelathini na moja Maïté alikuwa amemtupia jambo hilo kila walipogombana, na kila mara Firmin aliinamisha kichwa kwa kuwa alijua kuwa ni kweli. Sasa aliuliza kama mtoto anayeuliza njia. Maïté alifungua kinywa ili aseme hapana, akaona ule mkono juu ya karatasi.

"Ulikuwepo," alisema.

Mabega ya Firmin yakashuka. "Nilijua," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi akatabasamu. "Nilimbeba mimi wa kwanza. Wewe ulikuwa umelala. Alikuwa amefungwa kwenye shuka la mistari ya kijivu, na nesi akaniambia nishike kichwa."

Maïté alikaa na uma mkononi. Alilitafuta shuka lile kichwani mwake, hakuliona. Akalitafuta tena, akashikwa na woga, kwa maana sasa alianza kuliona.